Kipimajoto kwanza, sindano baadaye

(Haya ni maneno niliyowaambia vijana wa kidato cha nne kwenye mahafali ya shule moja ya sekondari hapa wilayani Kongwa. Wazazi kadhaa waliniomba niyaandike ili wawape na wengine, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Kwanza shikamooni wazee, shikamooni wazazi na walimu wangu wote, na nyie wanangu mnaomaliza hamjambo. Mkuu wa shule kanipa dakika ishirini na najua wali umeshaiva huko nyuma, harufu inafika mpaka hapa mbele, kwahiyo naingia moja kwa moja kwenye kilichonileta.

Juzi nilivyopigiwa simu kuulizwa kama nakuja, mwalimu wenu wa Baiolojia kaniambia kitu kimenikosesha raha. Anasema aliuliza darasani nani anataka kusomea mifugo, kimya, alafu mmoja akanyanyua mkono na darasa zima likaangua kicheko, yule kijana akaushusha mkono wake taratibu. Sijui ni nani na sitaki mtu amnyooshee kidole hapa. Ila mi nimekuja kuongea na yeye. Nyie wengine mnakaribishwa kusikiliza.

Mimi ni afisa mifugo. Watu wa kata yangu wananiita bibi mifugo, wengine daktari, japo daktari wa mifugo kamili ni yule aliyesoma digrii ya veterinari miaka mitano, kama pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro. Mi nilianza na astashahada nikapanda mpaka stashahada. Natofautisha hivi kwa makusudi sababu hata sheria inatofautisha, ntarudi hapo mbele.

Maneno ya kwamba mifugo wanaenda waliofeli nimeyasikia tangu siku napata barua ya chuo. Shangazi yangu alimuuliza mama, hivi huyu mtoto anaenda chuo kusomea kuchunga? Na mama hakuwa na la kumjibu, alinyamaza tu akaendelea kukunja nguo zangu. Sasa hebu tufikirie pamoja. Nchi hii kwa takwimu za wizara ina ng'ombe zaidi ya milioni 35, hapo hujagusa mbuzi, kondoo, nguruwe wala kuku. Nyie ni watoto wa Kongwa, ranchi ya taifa iko hapa hapa, na wengi wenu ada imetoka zizini, mzee kapeleka dume mnadani mwezi wa kwanza mtoto kaenda shule na sanduku jipya. Mali yote hiyo inayotusomesha, inayotuoza, inayotutibu tukiumwa, anayetakiwa kuiangalia yenyewe ikiumwa ndio awe mtu aliyekosa pa kwenda? Mzazi gani hapa atakubali hilo akikaa akalifikiria vizuri?

Ntawasimulia ng'ombe mmoja, na naomba mnisikilize kwenye hili hata kama mengine mtayasahau.

Nilikuwa mwaka wa pili, nimepelekwa fildi wilaya ya Muheza kule Tanga. Kule watu wengi wanafuga ng'ombe wa maziwa wa bandani, mmoja, wawili, wanakatiwa majani wanaletewa hapo hapo walipo. Kulikuwa na mama mmoja mjane, ana ng'ombe mmoja tu chotara, anatoa kama lita kumi kwa siku na hizo lita ndio sukari ya ndani, ndio madaftari ya wajukuu, ndio mafuta ya taa, ndio kila kitu. Akaja ofisini asubuhi, msimamizi wangu hayupo kaenda semina, akanikuta mimi. Anasema mwanangu, ng'ombe wangu hali vizuri tangu juzi na anakohoa. Nikabeba begi tukaongozana. Nafika namuona ng'ombe amesimama, kichwa kimeinama, machozi yanamtoka, pua zinachuruzika, nikajisemea moyoni haya ni mapafu, nikavuta penisilini, nikachoma, nikamwambia mama usiwe na wasiwasi atapona. Mama akashukuru sana, akanifungia na ndizi mbivu niende nazo. Natembea barabarani na zile ndizi najiona nimeshakuwa mtaalamu.

Siku ya nne ng'ombe kafa, povu limejaa puani.

Msimamizi alivyorudi nikamweleza yote. Hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu, joto lake lilikuwa ngapi? Sikuwa na jibu. Kipimajoto kilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, ndani ya kikasha chake, na siku ile sikukitoa. Akanichukua tukaenda kwa mama, ng'ombe hajafukiwa bado, akanishika mkono akauweka chini ya sikio la yule ng'ombe, kuna tezi pale, imevimba kama yai la kuku, akauhamishia mbele ya bega, nyingine hiyo kubwa zaidi. Alafu akageuza sikio. Ndani kupe wa kahawia wamepangana kama punje za mtama kwenye suke. Akasema hii ni ndigana kali, ungeweka mkono hapa siku ile ungeijua kwa dakika moja. Mama amesimama pembeni anatuangalia, kashika kamba ambayo haina ng'ombe tena, na hakusema neno lolote baya. Afadhali angesema.

Sasa kitu ambacho sikukijua kwa vitendo japo kwenye mtihani nilikiandika na nikapata alama zote: ndigana kali inaletwa na kijidudu anachoambukiza yule kupe wa kahawia wa masikioni, kinaingia kwenye chembe nyeupe za damu, tezi zinavimba, joto linapanda mpaka 40, 41 hata zaidi, mwishoni mapafu yanajaa maji ndio unaona lile povu. Penisilini haikigusi kabisa, unaweza kuchoma chupa nzima. Dawa yake ipo, buparvakwoni, inachomwa kwenye nyama ya shingo na inafanya kazi vizuri ukiwahi, ukichelewa mpaka ameanza kuhema kwa shida unapoteza hela ya mtu na ng'ombe wake pia. Chanjo nayo ipo, ilitengenezwa Muguga nchini Kenya, ndama anachomwa mara moja vijidudu hai pamoja na antibiotiki, oksitetrasaiklini ya muda mrefu, siku hiyo hiyo, anavalishwa hereni ya sikio, na kinga inakaa naye maisha. Yote hayo nilikuwa nayo kwenye daftari, niliyakariri vizuri tu, nisichokuwa nacho ni mkono uliozoea kwenda kwenye tezi kabla ya kwenda kwenye sindano.

Kwahiyo mtu akiniuliza chuo cha mifugo kinafundisha nini, jibu langu ni kwamba kinakufundisha kuangalia. Mnyama hasemi. Mgonjwa wa hospitali atakwambia kichwa kinauma upande huu tangu jana usiku, ng'ombe yeye atakwambia kwa sikio lililolala, kwa manyoya yaliyosimama, kwa kinyesi, kwa namna anavyojitenga na wenzake zizini, na wewe usiposoma hizo herufi basi unapiga ramli tu na bomba la sindano mkononi.

Ukiingia chuo, viko vya serikali chini ya wakala wa mafunzo ya mifugo, LITA, kama Mpwapwa hapa jirani zetu, Tengeru, Morogoro, Buhuri, Madaba, Mabuki, na viko vya binafsi pia, unaanza ngazi inayoitwa NTA level 4, unakwenda ya 5, ukimaliza ya 6 una stashahada. Wanaangalia masomo ya sayansi, hasa Baiolojia na Kemia, kwahiyo wale mnaosema nikipata D zozote ntaenda mifugo, someni tangazo la udahili vizuri kabla hamjajipa moyo. Na masomo ni Kiingereza. Hili nalisema sababu nimeona vijana wazuri kabisa, wa mikono mizuri, wanakwama kwenye famakolojia, somo la dawa, kwa lugha tu wala sio akili. Mi nilikuwa na daftari la pembeni, ukurasa wa kushoto jina la Kiingereza, wa kulia la Kiswahili na la mfugaji mwenyewe. Kimeta, chambavu, mdondo, homa ya mapafu, ndigana baridi, maji moyo. Ndigana kali Wamasai wanaiita oltikana, na ukilitamka hilo neno taratibu unaisikia ndigana humo ndani. Lile daftari bado ninalo na bado naongeza majina, mzee wa Kigogo akinitajia ugonjwa kwa jina lake simkatizi, naandika, alafu namuuliza anaonekanaje huo, unaanza msimu gani, na nusu ya kazi yangu inakuwa imeshafanyika kabla sijamgusa mnyama.

Darasani utakaa na anatomia, lishe, malisho, wadudu, magonjwa, dawa na vipimo vyake, uzalishaji wa kuku na nguruwe, uhimilishaji yaani kumpandikiza ng'ombe mbegu bila dume, ukaguzi wa nyama, ugani. Ila asubuhi saa kumi na moja unajikuta bandani na gambuti na ovaroli, unazoa kinyesi, unakamua, unachanganya chakula, na hapa ndipo wengi wanakasirika wanasema sikuja chuo kuzoa mavi. Mwanangu, kile kinyesi ndio kitabu chenyewe! Kikiwa kigumu cha vidonge kwa ng'ombe kinakwambia kitu, kikiwa cha maji kinakwambia kitu, kikiwa na damu au utelezi kinakwambia kingine, na ukikizoa kila siku kwa miaka miwili siku kikibadilika unajua kabla hata hujainama. Utasimama ubavu wa kushoto wa ng'ombe, unaweka ngumi nyuma ya mbavu ya mwisho na unasubiri tumbo kuu ligeuke, linatakiwa ligeuke kama mara moja au mbili kwa dakika, na lile vuguvugu la kusikia tumbo linakusukuma ngumi yako kutoka ndani, mi nilivyolisikia mara ya kwanza nilisisimka mwili mzima, nikarudia tena na tena mpaka mwalimu akaniita.

Kuna kifaa kidogo ntawatajia maana kinaonyesha ninachosema. Mbuzi na kondoo wana minyoo ya tumbo inayonyonya damu, na mazoea yetu ni kuwanywesha dawa wote kila baada ya muda fulani, matokeo yake minyoo inazoea dawa, mwisho haifi. Huko Afrika Kusini wakatengeneza kadi ya rangi inaitwa FAMACHA, jina limetokana na Faffa Malan aliyebuni hilo wazo. Unafunua kope la chini la mbuzi, unalinganisha wekundu wake na kadi, namba 1 mpaka 5. Mwekundu mwache, hana shida ya damu. Aliyepauka kama karatasi mpe dawa. Yaani kadi, kope na mchana wenye mwanga, basi, na umeokoa hela ya mfugaji na umeokoa dawa isije ikawa maji. Hiyo ndio elimu ya mifugo ninayoipenda mimi.

Na kwa wale mnaodhani hii ni kazi ya watu wadogo, mcheki huyu. Kile kijidudu cha ndigana kali kinaitwa Theileria, kwa heshima ya Arnold Theiler, daktari wa mifugo kutoka Uswisi aliyekwenda Afrika Kusini mwaka 1891. Kijana, hana hela, akapata kazi shambani na mashine ikamkata mkono wa kushoto. Daktari wa mifugo wa mkono mmoja! Hakurudi kwao. Aliendelea mpaka akaanzisha taasisi kubwa ya utafiti pale Onderstepoort, ilifunguliwa mwaka 1908. Na ndigana ilivyofika huko kusini ilitoka huku kwetu, ng'ombe walisafirishwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwenda kujaza mazizi yaliyofagiliwa na ugonjwa wa sotoka, wakaenda na kupe wao, na ndio maana Wazungu mpaka leo wanaiita homa ya Pwani ya Mashariki. Ni pwani yetu hiyo wanaitaja.

Na sotoka yenyewe, muulizeni mzee yeyote, habari zake alipewa na babu yake. Miaka ya 1890 ilipita ikaua ng'ombe kiasi kwamba kuna jamii za wafugaji zilibaki hazina hata mmoja, watu wakafa njaa. Leo haipo tena. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imetokomezwa, na mpaka hapo binadamu alikuwa ameshafuta ugonjwa mmoja tu mwingine, ndui. Chanjo iliyobeba kazi hiyo aliitengeneza Walter Plowright pale Muguga, ila chanjo haitembei yenyewe, ilibebwa na watu wa kada yangu mimi, na wafugaji waliofundishwa kuchanja huko Karamoja, Uganda, na kwa Wasomali, kwenye maeneo ambayo gari haifiki, kwa miguu, na kwa punda. Yule kijana aliyeshusha mkono, nataka ujue hao ndio watu uliokuwa unataka kujiunga nao.

Sasa wanangu wa kike. Nyie mtaambiwa na la ziada, kwamba mtoto wa kike ataweza wapi ng'ombe. Mwaka juzi saa saba usiku napigiwa simu na mzee mmoja wa kijiji cha mbali kidogo, mtamba wake anazaa tangu jioni na hatoki. Nafika na bodaboda, mzee ananimulika na tochi, anaangalia nyuma yangu, anauliza yuko wapi bwana mifugo. Nikamwambia ndio mimi baba. Akanyamaza. Nikaomba maji ya moto na sabuni na mafuta ya kupikia, nikavua saa, nikanawa mpaka begani. Naingiza mkono nakuta miguu miwili ya mbele imekuja vizuri ila kichwa hakipo, ndama kageuza shingo kaangalia nyuma. Ukivuta miguu hapo unamuua mama na mtoto. Inabidi usubiri mama apumzike kusukuma, ndio umsukume ndama arudi ndani kidogo upate nafasi, upitishe mkono ubavuni mwa shingo, utafute taya, ukunje kiganja uyafunike yale meno yasimchane mama, uvute kichwa kije mbele. Na mama akisukuma mkono wako unabanwa kwenye nyonga mpaka unalegea. Nilienda hivyo kama dakika arobaini. Mkono mnene usingepita pale, huu wa kwangu ulipita.

Ndama alitoka ulimi umevimba, hapumui. Nikamfuta pua, nikachukua kijiti cha nyasi nikamchokonoa puani, nikamsugua mbavu na nyasi kavu, nasugua, nasugua, akapiga chafya. Mzee hakusema asante. Alichukua kata mwenyewe akaninawisha mikono, yeye, mzee wa umri wa baba yangu, akimwaga maji taratibu mpaka damu yote ikaisha. Mnaojua mila za hapa mnanielewa.

Niseme na kuhusu dawa, maana hapa naumia. Huku vijijini kila mtu anachoma sindano. Duka linauza, mfugaji ananunua, anakadiria kwa jicho, anachoma leo, kesho maziwa yapo sokoni. Kwenye chupa ya dawa kuna siku zimeandikwa za kusubiri kabla hujauza maziwa au nyama, na hazikuandikwa kwa kujaza nafasi. Yale mabaki tunayanywa sisi, wanayanywa watoto, na vijidudu vinajifunza. Ukisoma mifugo utajua kwamba kazi yako sio kuuza sindano nyingi. Kuna siku nimekwenda kwa mtu, nimepima joto 38 na nusu, tumbo linageuka, kope jekundu, nikamwambia ng'ombe wako ni mzima, kabadilishiwa malisho ghafla tu, mpe majani makavu na maji, na nikaondoka bila kuchoma chochote. Alininunia. Aliona nimekuja bure. Wiki iliyofuata ndio akanipigia kunishukuru.

Na sheria niliyoahidi. Kuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na kuna Baraza la Veterinari, ukimaliza chuo unaandikishwa huko, na sisi wa cheti na diploma tunafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Msione hilo kama kudharauliwa. Siku nimekuta ng'ombe kafa ghafla, damu haigandi inatoka puani na sehemu ya haja, na vijana wameshanoa visu na sufuria ziko tayari, nilichokuwa nacho ni maneno ya darasani kwamba ukishuku kimeta usifungue mzoga, maana ukiufungua hewa inaingia na kile kijidudu kinajitengenezea ganda kinakaa ardhini miaka na miaka. Nilisimama mbele ya ule mzoga mimi na mtendaji wa kijiji tunatukanwa, huku nimempigia daktari wa wilaya niko naye kwenye simu, na ile sauti yake iliyonyooka, akaniambia usitoke hapo, nakuja, chimbeni mita mbili, tafuteni chokaa, ndio iliyonipa miguu. Hakuna aliyekula ile nyama. Wengine wanasema mpaka leo niliwanyima kitoweo, na sawa, wako hai wa kusema.

Ajira, najua wazazi mnasubiri hapa. Ntasema ukweli. Ajira za serikali zinatoka lakini hazitoshi wote wanaomaliza, kuna wenzangu wamesubiri miaka. Ila angalieni kazi yenyewe ilivyo. Mashamba ya kuku yanataka mtu, viwanda vya chakula cha mifugo, machinjio, maabara, maduka ya pembejeo, ranchi. Wahimilishaji wanaojua kazi hawalali, ng'ombe akiingia joto la kutaka dume asubuhi wewe unatakiwa umhimilishe jioni, ukichelewa unasubiri siku 21 nyingine, kwahiyo simu inaita tu. Na kuku wa kienyeji, jamani, kuku wa kienyeji! Mdondo unapita kijijini unafagia banda lote kwa wiki moja, wakati chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini, inavumilia joto kuliko zile za zamani, tone moja kwenye jicho la kuku kila baada ya miezi mitatu. Tone moja. Mi kabla sijaajiriwa nilizunguka vitongoji vitatu na kiboksi cha barafu, jioni kuku wakishaingia ndani, namtoza mama shilingi mia kwa kuku, na nilikula, nikalipa kodi ya chumba, na kwenye vitongoji vile mwaka ule watoto walikula mayai. Mtu asikwambie hakuna kazi, mwambie akuonyeshe kijiji ambacho kuku wake wote wamechanjwa.

Kwa anayekwenda, nunua kipimajoto chako mwenyewe. Usisubiri cha chuo, usiazime. Cha kwanza kuingia kwenye begi kiwe hicho, hata kabla ya koti. Na fildi usichague sehemu yenye wifi, chagua sehemu yenye mnyama na msimamizi mkali.

Naona mkuu wa shule anaangalia saa. Nimalizie hivi. Nimemuomba jirani wa shule mbuzi wake watatu, wamefungwa pale chini ya mbuyu, tangu nimeanza kuongea nimekuwa nawaangalia na mmoja, yule mweupe wa mwisho, hajala hata jani moja na wenzake wote wanakula. Sijui ana nini, sijamgusa. Joto la mbuzi mzima ni kama 38 na nusu mpaka 40 hivi, na jua hili linaweza likaongeza kidogo. Nina vipimajoto viwili hapa, mafuta ya kulainishia, na kadi ya kope. Wazee wangu mtangulie kwenye chakula, mi nakwenda pale mbuyuni. Nahitaji mtu wa kumshika pembe na mtu wa kunihesabia dakika mbili kwenye saa. Kipimajoto cha pili sitakishika mimi.